Munich hadi Milan, nina siku moja na nusu: nizione Alps kwa treni au kwa ndege?

MwishoWaReli (Kigoma)

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba msaada wa wanaozijua reli na anga za Ulaya.

Katikati ya Septemba nina semina ya siku tano Munich, Ujerumani. Ikiisha natakiwa Milan, Italia, kwa siku mbili, halafu narudi. Semina inafungwa Ijumaa mchana, Milan nahitajika Jumapili asubuhi. Kwa hiyo nina jioni ya Ijumaa na Jumamosi nzima, na kati ya miji hiyo miwili ndipo ilipolala milima ya Alps. Sitaki kuipita nimesinzia.

Nilichopanga ni treni ya Munich–Zürich, kisha Zürich–Milan, kwa kuwa inapita lile handaki la Gotthard, refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani. Ndege nayo ipo, saa moja tu. Je, njia hiyo ni sahihi kwa mtu anayetaka kuona milima? Nikae upande gani? Visa moja itatosha, maana Uswisi haimo Umoja wa Ulaya? Na tiketi naweza kuzikata nikiwa hukuhuku Kigoma? Kamera yangu ni simu. Nawasilisha.

Fundi wa Njia (Tabora)

Mkuu, umechagua njia iliyojengwa makusudi ili treni isipande mlima.

Hilo handaki lililofunguliwa 2016 lina kilomita 57, na sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 600 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Tanganyika hapo bandarini Kibirizi yako mita 770 na ushee. Yaani utakuwa unaivuka Alps ukiwa chini kuliko ulipo sasa hivi. Utaingia, masikio yatajaa, utaangalia sura yako kwenye kioo kwa dakika kama 20, utatokea upande wa pili. Mbele kidogo unaingia handaki la Ceneri, kilomita 15, la mwaka 2020. Kwa treni za mizigo na watu wenye haraka ni kazi kubwa iliyofanyika. Kwa mtu anayetaka kuona milima ni sawa na kupanda meli ya Liemba ukafungiwa chumba cha injini.

Juu ya handaki hilo ipo reli ya zamani ya 1882, na bado ina treni za abiria. Hiyo ndiyo Gotthard ya kuangalia. Treni yake inaitwa Treno Gottardo, inatoka Zürich au Basel kwenda Locarno. Wa Milan anashuka Bellinzona na kubadilisha. Kabla ya handaki la zamani, lile la kilomita 15 kati ya Göschenen na Airolo, kuna kijiji cha Wassen chenye kanisa dogo jeupe juu ya kilima. Bonde hapo linapanda ghafla kuliko treni inavyoweza, kwa hiyo reli inaingia ndani ya mlima, inazunguka kama nyoka anayejikunja, inatokea juu zaidi ikitazama ilikotoka. Matokeo yake kanisa lile lile utaliona mara tatu. Ukitokea kaskazini, mara ya kwanza liko juu yako, mara ya pili mko sawa, mara ya tatu unaliangalia paa. Abiria asiyejua hudhani kila kijiji cha Uswisi kina kanisa la ramani moja.

Ila kwa muda ulionao, usichukue hata hiyo. Chukua Bernina.

Hii ni reli ya kampuni ya Rhätische Bahn, kutoka Chur kupitia St. Moritz hadi Tirano, ambayo tayari ni Italia. Kwa sisi wa reli ya kati ina utamu wake: upana ni milimita 1,000 kamili, sawasawa na reli inayoleta treni Tabora na Kigoma. SGR yetu, ya milimita 1,435, ndiyo kipimo cha sehemu kubwa ya Ulaya. Anayesema reli ya mita moja imepitwa na wakati aende akaangalie inavyofanya kazi milimani. Kipande cha St. Moritz–Tirano kina kilomita 61, kilikamilika 1910, na kinapanda hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina kisha kuteremka hadi mita 429 Tirano. Mteremko wake unafika asilimia 7: kila mita 100 za njia, treni imepanda 7. Na hapo katikati hakuna reli ya meno, ni gurudumu la chuma juu ya chuma tu. Kona zake nyingine zina nusu kipenyo cha mita 45. Reli pana haiwezi kujikunja hivyo, ndiyo maana walichagua nyembamba. Umeme nao unasukuma magurudumu mengi kwa pamoja badala ya kichwa kimoja kizito kuvuta kila kitu. Njia ikiwa na unyevu au majani, magurudumu huteleza, na treni humwaga mchanga mbele ya magurudumu yake yenyewe.

Ratiba yako iwe hivi. Ijumaa jioni panda treni ya Munich–Zürich lakini usifike Zürich. Shuka St. Margrethen, kituo cha kwanza cha Uswisi baada ya Lindau na Bregenz, chukua treni ya Chur. Munich hadi Chur hesabu saa nne na kitu. Lala Chur. Jumamosi toka mapema: Chur–St. Moritz ni kama saa mbili, St. Moritz–Tirano saa mbili na nusu kasoro, Tirano–Milan saa mbili na nusu. Ukiondoka saa 2 asubuhi, mchana uko Tirano na jioni Milan, tena una akiba ya saa mbili tatu za kushuka njiani.

Upande: kutoka Chur kaa kulia. Kabla tu ya Filisur utaona daraja la Landwasser, mita 65 kwenda juu, matao sita, limepinda, na mwisho wake unaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa jabali. Ukiwa kulia unaona mbele ya treni yako ikilikata kona. Hapo usiwe unatafuta chaja. Ni sekunde chache. Baadaye kati ya Bergün na Preda ni kilomita kama 5 kwa mstari mnyoofu, lakini reli inatumia 12 kwa kujizungusha ili kupanda mita 400 na zaidi. Hapo upande hauna maana, bonde linahama kushoto na kulia.

Baada ya St. Moritz endelea kulia: mto wa barafu wa Morteratsch, kisha ziwa la Lago Bianco pale juu, kisha kituo cha Alp Grüm. Ukifika Poschiavo ziwa linakuwa kushoto, vumilia. Karibu na mwisho, Brusio, treni inashuka kwa kuzunguka duara zima juu ya daraja la matao tisa na kupita chini ya daraja lake yenyewe.

BintiUnyanyembe (Tabora)

Fundi amesema vizuri, ila kuna njia ya tatu ambayo ni rahisi kwa mgeni: Brenner. Munich, Innsbruck, Brenner, Bolzano, Verona, treni moja bila kushuka, saa tano na nusu hivi. Verona hadi Milan ni saa moja na robo nyingine. Reli hiyo ilifunguliwa 1867 na inapita juu ya mlima penyewe, mita 1,371, si chini yake. Handaki jipya la Brenner bado linachimbwa, kwa hiyo kwa sasa bado unaona nje.

Ukikata mapema bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na Uswisi, na mizigo unaiweka mara moja. Kwa mtu mwenye begi la kilo 23 hilo si jambo dogo. Kubadilisha treni mara nne ukiwa na begi kubwa kunaweza kukuharibia siku.

Fundi wa Njia (Tabora)

Sikatai dada, Brenner ni njia nzuri. Lakini ni njia ya bondeni. Unaona ngome za kale, mashamba ya mizabibu na matofaa upande wa Bolzano, na milima iko juu yako. Barafu ya kudumu huioni kwa karibu. Bernina inakupitisha kwenye mita 2,253, ambako miti imeshakwisha. Akiwa na siku moja tu maishani, apande juu.

Ningekubali Brenner kwa sharti moja: hali ya hewa ikiwa mbaya. Mvua ikinyesha, juu kule ni ukungu mtupu, lakini bondeni bado kuna cha kuona.

Dirishani_A (Kigoma)

Nizungumzie ndege, maana hamjaigusa.

Munich–Milan ni saa moja na dakika chache, lakini sehemu ya juu ya milima ni robo saa, au dakika 20 ukibahatika. Alps hapo ina upana wa kilomita 200 hivi, na ndege inazimaliza mara moja. Unachopata angani ambacho treni haikupi ni umbo lake: ndege ikiwa mita 11,000, upeo wa macho uko zaidi ya kilomita 350, kwa hiyo unaona safu nzima kama mgongo wa mamba. Unachokosa ni ukubwa. Kutoka juu, kilele cha mita 4,000 kinaonekana kama chumvi ya Uvinza iliyomwagwa mezani.

Kanuni ya kiti ni hii: tafuta ndege inaelekea wapi, jua liko wapi, kaa upande ambao jua liko nyuma ya kiti chako. Munich kwenda Milan ndege inaelekea kusini-magharibi. Asubuhi jua liko mashariki, yaani kushoto. Kwa hiyo kaa kulia, ambako ndiko milima mirefu ya Uswisi iliko, na mwanga unaipiga usoni. Ukikaa kushoto asubuhi utaangalia mwanga mkali na mikwaruzo ya kioo. Kushoto ni herufi A. Kulia ni herufi ya mwisho ya mstari, F kwenye ndege ndogo, K kwenye kubwa.

Halafu bawa. Kwenye ndege za aina ya A320, mistari kama ya 10 hadi 20 inaangalia bawa. Watu hukimbilia viti vya nyuma yake, lakini huko nako hewa moto ya injini inafanya milima itetemeke kama barabara ya lami saa nane mchana. Mbele ya bawa ni bora. Na usiamini kwamba kila kiti cha dirishani kina dirisha. Boeing 737 hasa, mbele kidogo ya bawa, kuna sehemu ukuta ni mtupu kwa sababu mabomba ya hewa yanapita ndani yake. Unalipia kiti cha dirishani unapewa plastiki ya kijivu.

Ila ushauri wangu ni kwamba usilipe ndege ya Milan. Utaiona Alps bure wakati unaingia Munich. Ukitokea kusini-mashariki, kwa mfano kupitia Istanbul, kaa kushoto. Njia za kurukia Munich zimelala mashariki–magharibi, na milima iko kusini. Ndege ikitua ikielekea magharibi, Alps iko kushoto kwako. Ikitua ikielekea mashariki, iko kulia. Siku ya hewa safi ukuta mzima unaonekana.

Na kama siku moja utaenda Geneva: Mont Blanc, kilele kirefu kuliko vyote vya Alps, iko kusini-mashariki ya uwanja, na njia ya kurukia imelala kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Ndege ikishuka kutoka upande wa ziwa, mlima uko kushoto. Ikishuka kutoka upande mwingine, kulia.

Karani wa Safari (Kigoma)

Mambo ya makaratasi, kwa haraka.

Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, tangu Desemba 2008. Visa ya kuingia mara moja inatosha Ujerumani, Austria, Uswisi na Italia, kwa sababu kupita Uswisi hakuhesabiwi kutoka. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwa ratiba yako ni Ujerumani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15, kwa kuwa kuanzia Kigoma una safari ya Dar ya kutoa alama za vidole. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000, na iandikwe kwamba inahusu nchi zote za Schengen. Ukinunua ile iliyotaja Ujerumani peke yake, umejitafutia kukataliwa.

Pasipoti iwe mfukoni, si kwenye begi lililo mwisho wa behewa. Mipaka haina foleni lakini askari huingia ndani ya treni, hasa Lindau na Tirano.

Tiketi zote zinakatwa kwa simu. Munich–Chur kwa programu ya reli ya Ujerumani au Austria, Chur–Tirano kwa ile ya SBB, reli ya Uswisi, Tirano–Milan kwa ya Trenord, kampuni ya treni za Italia upande wa Milan. Vitu vitatu vinakwamisha Watanzania hapo. Kwanza, kadi ya benki haijafunguliwa malipo ya mtandaoni. Ifungulie tawini kabla hujaondoka. Pili, benki hutuma namba ya siri kwa SMS kwenye laini yako ya nyumbani. Ukiwa Chur laini hiyo haina huduma ya kutumika nje, malipo yanakufa. Tatu, laini ya Ulaya utakayonunua Munich huenda isifanye kazi Uswisi, kwa sababu Uswisi haimo kwenye mpango wa simu wa Umoja wa Ulaya. Soma kifurushi kabla ya kulipa, na pakua tiketi zikae kwenye simu bila intaneti.

Pasi za reli: ile inayoitwa Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, yako ingekuwa Eurail. Kwa siku mbili za kusafiri sioni faida yake. Kata tiketi za kawaida.

Jambo la mwisho: katikati ya Septemba ndipo sikukuu kubwa ya bia ya Munich huanza. Vyumba vinapanda bei na treni za Ijumaa zinajaa. Weka nafasi ya kiti kwenye treni ya Munich, inalipiwa kidogo juu ya tiketi. Tiketi peke yake haikupi kiti, inakupa haki ya kupanda tu.

MwishoWaReli (Kigoma)

Aisee, asanteni sana wakuu. Nimeachana na handaki. Yamebaki machache. Mawingu nitayajuaje mapema? Ile treni ya vioo hadi darini ninayoiona kwenye picha ndiyo nikate? Mizigo je? Na picha za simu dirishani mara nyingi hutoka mimi mwenyewe nimo ndani kama mzimu.

Jirani wa Gungu

Hela yote hiyo kwenda kuangalia vilima? Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 5,895. Mont Blanc yenyewe haifiki hata 4,900.

Fundi wa Njia (Tabora)

Jirani, Kilimanjaro ni mlima mmoja uliosimama peke yake, volkano. Alps ni safu ya kilomita 1,200 inayopita nchi nane, kuanzia pwani ya Ufaransa hadi Slovenia. Ilitokana na bamba la upande wa Afrika kulisukuma la Ulaya mpaka ardhi ikakunjamana kama mkeka uliosukumwa ukutani. Ziwa letu ni kinyume chake: hapo ardhi imechanika. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayekwenda Alps anakwenda kuona upande wa pili wa kazi ileile. Na kidogo tunaidai.

MwishoWaReli, treni ya vioo hadi darini ni Bernina Express. Inahitaji nafasi ya kiti inayolipiwa zaidi, vioo vyake havifunguki, na hurudisha mwanga kwenye picha. Treni za kawaida za kampuni hiyohiyo zinapita reli ileile, karibu kila saa, bila kuweka nafasi. Baadhi ya mabehewa yake yana dirisha linaloshuka. Tembea kidogo jukwaani, tafuta behewa lenye dirisha hilo, ingia humo. Daraja la pili linatosha kabisa. Usitoe kichwa wala mkono: miamba na kingo za mahandaki ziko karibu mno kuliko unavyofikiri.

Kwa Chur–Tirano kata tiketi ya kawaida, isiyofungwa na treni fulani. Ile ya bei ya punguzo inakubana na saa moja tu, ukiikosa, imekwisha. Ya kawaida inakuruhusu kushuka na kupanda inayofuata siku hiyohiyo. Shuka Alp Grüm, mita 2,091. Kuna kituo, mkahawa, mto wa barafu wa Palü mbele ya macho, na reli inayoshuka chini yako kwa kona baada ya kona hadi bonde la Poschiavo. Treni ijayo iko baada ya saa moja. Chukua koti: kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6 au 7, hivyo Tirano ikiwa nyuzi 24, huko juu ni 12 kabla upepo haujahesabiwa.

Usijaribu kupanga Munich hadi Milan yote Jumamosi kwa tiketi za punguzo zilizofuatana. Treni za Ujerumani kuchelewa ni jambo la kawaida siku hizi, na kampuni ya pili haina deni na wewe kwa kosa la kampuni ya kwanza. Kulala Chur ndiko kunakokuokoa.

Mizigo: mabehewa yana sehemu ya mabegi karibu na mlango. Begi moja la magurudumu na la mgongoni, basi. St. Moritz muda wa kubadilisha huwa ni dakika chache tu.

Kwa mawingu, angalia kamera za moja kwa moja mtandaoni asubuhi ileile. Tafuta jina la Ospizio Bernina au Diavolezza, utaona anga ilivyo dakika hiyo. Kwa kawaida asubuhi ni safi na mawingu hukua kuanzia mchana, ndiyo sababu nikasema toka mapema. Chur ikiwa na ukungu usikate tamaa, ukungu hukaa bondeni na juu yake kuna jua. Jihadhari na utabiri unaotaja upepo wa Föhn: unatoka kusini, unaangusha mvua yote upande wa Italia, kisha unashuka kaskazini ukiwa mkavu na wa joto. Siku hiyo upande wa Chur anga ni safi kama kioo, na ukivuka Ospizio unakuta mvua. Siku ya namna hiyo kaa zaidi upande wa kaskazini, na Alp Grüm iache.

Dirishani_A (Kigoma)

Picha. Mzimu unatokana na mwanga wa ndani kurudi kwenye kioo. Vaa nguo nyeusi, siyo fulana nyeupe ya semina. Sogeza lenzi ya simu karibu na kioo kiasi cha upana wa kidole, kisha zungushia kanga au kitenge cheusi pembeni ili mwanga wa ndani usiingie. Kwenye ndege usigusishe simu na kioo, kinatetemeka na picha itatetemeka nacho. Zima mwako wa kamera.

Simu hupenda kulenga mikwaruzo ya kioo badala ya mlima. Gusa mlima kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka ulengaji ujifunge. Theluji nayo huidanganya simu: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, unapata theluji ya kijivu kama majivu ya mkaa. Ongeza mwanga kidogo kabla hujapiga. Kwenye treni adui ni nguzo za umeme. Zinakuja kwa mpigo unaohesabika, kwa hiyo piga mfululizo picha kumi uchague moja. Miwani ya jua yenye kichujio cha mng'ao itumie kwenye treni tu. Ndegeni inageuza kioo kuwa madoa ya upinde wa mvua.

Kutoka Tirano kwenda Milan kaa kulia. Kati ya Colico na Lecco treni inapita ukingoni kabisa mwa Ziwa Como.

BintiUnyanyembe (Tabora)

Nakubali yaishe, nenda Bernina. Ila nyongeza ya saa. Septemba wao wako nyuma yetu saa moja: saa 2 asubuhi Chur ni saa 3 Kigoma. Na ratiba zao zinaandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane. 08:00 ni saa mbili yetu, 14:00 ni saa nane. Jua kipindi hicho linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 1 na nusu jioni, karibu sawa na Kigoma, hivyo mwili hautashangaa.

Tirano stesheni ni mbili, ya Uswisi na ya Italia, zinatazamana kwenye uwanja mmoja mdogo. Ni kutembea dakika moja au mbili. Treni za Milan hutoka kama kila baada ya saa mbili, kwa hiyo panga kufika Tirano kwa kuangalia hiyo ya Milan kwanza, uhesabu kurudi nyuma. Tiketi ya karatasi ya Italia lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo ukutani kabla ya kupanda. Ya simu soma masharti yake, nyingine hutakiwa kuthibitishwa siku ya safari. Usipofanya hivyo unapigwa faini hata kama umelipa.

Na usitegemee wauzaji dirishani kama stesheni ya Saranda. Nunua mkate na maji Chur. Maji ya bomba ya Uswisi yananyweka bila wasiwasi, isipokuwa palipoandikwa «kein Trinkwasser», yaani si maji ya kunywa.

MwishoWaReli (Kigoma)

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Kuna mtego wowote pale Chur asubuhi?

Fundi wa Njia (Tabora)

Miwili. Wa kwanza, baadhi ya treni za Uswisi hukatwa njiani, kama mabehewa ya Mwanza na Kigoma yanavyotengana hapa Tabora. Soma kibao cha behewa lako, siyo cha jukwaa peke yake.

Wa pili, nje ya stesheni ya Chur, barabarani kabisa katikati ya magari, utaona treni ya mita moja imesimama, rangi ileile nyekundu, kampuni ileile. Wageni huipanda kwa furaha. Hiyo ni ya Arosa, inaishia mlimani huko huko. Ya St. Moritz iko ndani, kwenye majukwaa.